Mwaka Tulipopata Barafu

Kwenye kilio cha Mama Régine, mwezi uliopita, vijana wawili waliokodiwa kufunga taa walikuwa wanabishana nyuma ya kiti changu. Jeneza lilikuwa bado halijafika kutoka hospitalini, jua lilikuwa kali, na wao walikuwa wanavuta nyaya kutoka kwenye paneli iliyoegemezwa ukutani hadi kwenye betri iliyokuwa chini ya meza ya wanakwaya. Mmoja alisema, "Mi nakuambia, PWM iko bien tu. Iko bei ya chini na haisumbuake bantu." Mwenzake akacheka. "PWM yako inatupaka nusu ya jua ku majani. Régulateur ni MPPT, ingine ni mchezo." Wa kwanza akamjibu kwamba kununua MPPT kwa ajili ya balbu tatu za kilio ni kuvaa suti kwenda kuteka maji. Kuna watu wakisikia wimbo wa ujana wao machozi huwalengalenga. Mimi nilisikia neno régulateur, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, nikashika kiti kwa mikono miwili. Na kama hiyo haikutosha, nilipoinua macho nikamwona mzee mmoja anaingia langoni, kofia mkononi, koti la kijivu limemzidi mabega. Alikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na madumu ya maji. Nilimtambua kwa jinsi alivyokaa, ukingoni, kama mtu ambaye yuko tayari kuambiwa aondoke. Alikuwa Papa Kambale. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule wa vita, na nilidhani amekufa zamani. Yaliyosemwa mchana ule mbele ya jeneza ndiyo yaliyonifanya niandike haya, kwa sababu mpaka leo sijatulia.

Mwaka ule nchi ilikuwa imekatika vipande. Mashariki ilikuwa mikononi mwa waasi, sisi Lubumbashi tulikuwa upande wa serikali, na katikati hapakuwa na barabara wala barua. Kampuni ya mgodi iliyokuwa inaulisha mji ilikuwa imeacha kulipa, na wanaume waliozoea kwenda kazini na kofia ngumu kichwani walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao wakiuza sabuni iliyokatwa vipande. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi, shule ikafungwa, na Mama Régine aliyekuwa mkuu wa wodi yetu ya mazoezi akanichukua nikakae naye mtaa wa Golf. Usidhani alikuwa tajiri kwa sababu ya neno Golf. Alikuwa analinda villa ya mhandisi mmoja wa Ulaya aliyekimbia na mkewe mchana mmoja, masanduku mawili na paka, wakisema watarudi mwezi ujao. Villa yenyewe wanajeshi walikuwa wameshaipitia, wakachukua hata vitasa vya milango. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya turubai lililojaa majani ya mikaratusi, mhandisi alikuwa ameacha camping-car, gari refu lenye nyumba ndani yake, ambalo kila mwaka walikuwa wanaendesha kwenda kuangalia wanyama Zambia. Wanajeshi waliinua turubai, wakaona matairi yote hayana upepo, wakaliacha. Hawakujua kwamba ndani yake kulikuwa na friji inayofanya kazi.

Naikumbuka camping-car ile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Mlango ulikuwa mwembamba, ukiingia unainama. Kushoto kulikuwa na meza ya kukunja, na juu yake kikombe ambacho mke wa mhandisi alikuwa hajamaliza kahawa yake. Mama Régine alikataa tukiondoe kwa miezi, akisema wenye nyumba watarudi. Kulia kulikuwa na benchi lenye mito ya rangi ya machungwa, na hapo ndipo alipolala Béa, binti wa pekee wa Mama Régine, miaka kumi na mitatu. Juu ya paa, paneli za jua. Chini ya benchi, betri mbili. Mbele ya benchi, karibu sana hata Béa akinyoosha mkono anaigusa, friji ndogo. Ndani ya friji ile hakukuwa na nyama wala bia. Kulikuwa na chupa ndogo za insulini, zimepangwa ndani ya kopo la biskuti. Béa alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Hospitalini dawa zilikuwa zinakwisha na Mama Régine, kwa njia ambazo sikumuuliza, alikuwa amejikusanyia akiba ya miezi mingi, akijua kwamba ikiisha hakuna nyingine. Chupa moja tu, ile iliyofunguliwa, alikuwa anatembea nayo ndani ya kitambaa kwenye mfuko wa aproni. Maisha yote ya mtoto yalikuwa ndani ya kopo la biskuti, na kopo lilikuwa ndani ya friji, na friji ilikuwa inategemea jua.

Umeme wa mji haukuhesabiwa. Transfoma ya mtaa ilikuwa imenyonywa mafuta na watu waliotaka kukaangia samaki, na ikabaki chuma tupu. Sehemu nyingine za mji umeme ulikuja ukitaka, unakaa muda wa kupasha chai, unaondoka. Kwa hiyo watu wa Lubumbashi tulikuwa na desturi moja, na sijui kama kuna mji mwingine ulioifanya kama sisi: kila kitu kilichotumia umeme kiliachwa kimewashwa, na kila bouton, kila kile kidude cha kuzungusha, kiliachwa mwisho kabisa. Redio mwisho, jiko la umeme mwisho, pasi mwisho. Ungeingia nyumba yenye giza, ya watu wanaokula bukari, ugali wetu, kimya, ghafla umeme ukirudi redio ingepiga kelele ya kukutoa roho na jiko lingekuwa jekundu. Hatukuona ni ajabu. Umeme ukija dakika chache unaukamata wote, unaujaza mdomoni kama mtoto anayejua wakubwa watamnyang'anya. Hata leo, nikiwa mgeni hotelini, kiyoyozi nakizungusha mpaka mwisho, halafu nakaa natetemeka mpaka wajukuu wanicheke.

Papa Kambale aliingia katika maisha yetu kwa sababu ya gereji. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Mashariki, Mnande kwa kabila, mtu wa kanisa, wa kuuza vipuri, betri na taa, na vita vilimkuta Lubumbashi na lori lake na bidhaa zake. Mke na watoto walibaki nyumbani, upande wa pili. Mara moja moja alikwenda mjini kwenye phonie, redio ya kuongelea mbali, akasubiri foleni asubuhi nzima ili asikie sauti ya mkewe ikikatikakatika. Aliomba gereji ya villa ili ahifadhi mizigo, na badala ya kodi akawa anatuletea chumvi, mafuta, samaki wa thomson, wale wa baharini, na mara moja gunia zima la unga wakati mji mzima ulikuwa unachanganya mahindi na mihogo. Watu hawakumpenda. Kila aliyetoka Mashariki, au Est tulivyozoea kusema, mwaka ule alitazamwa kama mpelelezi, na yeye kila akifungua mdomo Kiswahili chake kilimtangaza. Kaka yake Mama Régine, Tonton Fidèle, ambaye alikuwa na marafiki wengi miongoni mwa askari, alikuja kila Jumapili kula na kila Jumapili alirudia wimbo uleule. Nakumbuka siku moja, bukari iko mezani, matamba, yaani kisamvu, yanatoa mvuke, na Papa Kambale ananawa mikono nje ambako angeweza kusikia. "Régine, weye muuguzi muzima, unaachaka muntu wa Est anapitapita karibu na mutoto? Siku moja utaamuka, hautakuta kintu." Mama Régine alimjibu, "Fidèle, kula. Ile mafuta unalambaka ni ya yule muntu wa Est." Tulicheka sana. Fidèle naye alicheka, akajiongezea matamba.

Kisha mvua zikaanza na kicheko kikakwisha. Wingu lilikaa juu ya mji wiki nzima nzima. Betri hazikujaa, friji ikawa inanguruma kidogo asubuhi, inanyamaza, na nikigusa kopo la biskuti nalikuta vuguvugu. Mama Régine alikonda. Alikuwa anaweka mkono ndani ya friji mara nyingi kama mtu anayepima homa. Hatimaye alimwita Papa Kambale aangalie. Yule baba alilala chali chini ya benchi na tochi, akatoka na vumbi kwenye ndevu, akatukalisha mezani kutueleza, na mimi ambaye sikuwahi kuelewa umeme darasani nilielewa siku ile. Aliomba makopo mawili ya kupimia unga na unga kidogo. Akajaza kopo mpaka unga ukafanya kilima juu.

"Mama Béa, hizi paneli ya muzungu ziko na volti mingi kupita betri," alisema. "Sasa hii régulateur iko hapa, ya PWM, inaunganishaka paneli na betri sawa na kitu moja. Paneli inalazimishwa kushuka mupaka kwa kipimo ya betri. Ile ya juu inapotea." Akapitisha kidole juu ya kopo, kilima cha unga kikamwagika mezani. "Haina mubaya. Kama paneli inalingana na betri, na jua iko mingi, inatosha, na ikiharibika utapata ingine kwa bei ndogo. Lakini wewe uko na paneli kubwa, betri ya njaa, na wingu. Kila siku unamwaga unga."

"Na ingine?" Mama Régine aliuliza.

"Ingine banaiitaka MPPT. Ile inaacha paneli ifanye kazi kwa nguvu yake yenyewe, halafu volti yenye kuzidi inaigeuza, inakuwa ampere ya kuingia mu betri." Akaukusanya ule unga uliomwagika, akautia kwenye kopo la pili. "Wakati wa baridi na wakati wa wingu ndiyo inashinda sana. Iko ghali, na iko na adabu yake. Unaunganisha betri kwanza, paneli nyuma. Ukigeuza, inakufa."

Béa, aliyekuwa amelala kwenye benchi akijifanya hasikii, alisema, "Mama, ule unga tutaukula?" Tukaula.

Papa Kambale aliagiza kifaa kile Zambia kupitia watu wa reli wa Sakania, mpakani, ambao walikuwa wanaleta kila kitu, kuanzia sukari mpaka meno ya bandia. Kilichukua muda mrefu. Mvua zote tuliponea chupuchupu, Mama Régine akiendesha friji ile kwa maombi na kwa kuamka alfajiri, na kilipofika, kimefungwa ndani ya blanketi la mtoto, mvua zilikuwa zimeshakwisha na baridi ya mwezi wa sita imeanza. Ni sanduku dogo la chuma lenye mbavu za kupoza, hakuna la ajabu. Lakini Papa Kambale hakutaka tuamini maneno yake tu. Siku mbili za jua zilizofanana, alipima betri jioni: siku ya kwanza na kifaa cha zamani, siku ya pili na kipya. Alikuwa na kile kipimo cha kioo cha kunyonya asidi kidogo kutoka kwenye betri, chenye kielea ndani. Siku ya kwanza kielea kilisimama kwenye nyekundu, karibu na nyeupe. Siku ya pili kilipanda mpaka kijani ya betri iliyojaa, na hata jioni ilikuwa haijafika, vivuli vya mikaratusi bado vifupi. Mama Régine alichukua kile kioo mkononi mwake, akakiangalia, akakiangalia tena, akakaa chini kwenye ngazi ya camping-car na akalia kwa furaha. Papa Kambale alitazama pembeni, akasema anaenda kufunga gereji.

Wiki iliyofuata ndiyo wiki ninayoiita ya barafu. Anga la mwezi wa sita huko kwetu halina wingu hata moja, usiku ni baridi ya kuuma masikio, na friji ilikuwa inanguruma bila kupumzika. Béa ndiye aliyegundua. Alikuwa ameweka kikombe cha maji ndani, akakitoa kimekuwa jiwe. Alikuja mbio na kikombe chake, anacheka, anakigonga mezani. Hatukuwa tumeona barafu tangu shule zilipofungwa. Tuliweka vikombe vyote tulivyokuwa navyo kwenye ile friji, hata kile cha mke wa mhandisi, ambacho Mama Régine alikubali hatimaye kukimwaga na kukiosha. Tulikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wenye barafu, katika baridi ile, meno yakituuma, tumejifunika blanketi. Tuliwapelekea majirani vipande ndani ya sufuria. Tonton Fidèle alikuja Jumapili akatia barafu kwenye bia yake na kusema kwamba hata gavana hana. Wauguzi wawili tulikuwa tumekaa pale, mmoja amehitimu na mwingine nusu njia, tunatafuna barafu, tunacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kopo la biskuti liko wapi.

Asubuhi iliyofuata nilisikia sauti ya Mama Régine. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nilikimbia na miguu mitupu juu ya majani yenye baridi, na Papa Kambale alitoka gereji nusu ya uso ikiwa na povu la kunyolea. Mama Régine alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, kopo liko wazi mapajani mwake. Chupa zote zilikuwa zimeganda. Nyingine zilikuwa zimepasuka shingo. Béa alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti kifuani, anamtazama mama yake. Nilichukua chupa moja nikaifunga katika kiganja mpaka ikayeyuka, nikaiinua kwenye mwanga, nikaona vipande vyeupe vinaelea. Nilijua, kwa sababu yeye mwenyewe alinifundisha: insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka haifufuki. Na jambo la kunitia wazimu ni kwamba katika baridi ya wiki ile hatukuhitaji friji kabisa. Tungeliacha kopo dirishani lingekuwa salama. Ilibaki ile chupa moja ya kwenye aproni, nayo ilikuwa imefika nusu.

Fidèle alifika kabla ya jua kupanda, na askari wawili wa barabara ya juu, sijui nani alimwita. Alisimama mlangoni mwa camping-car, akaliona lile sanduku jipya la chuma, akauliza nani alilifunga. Papa Kambale, bado ana povu upande mmoja, alikuwa ameinama anaangalia ndani ya friji. Aliangalia muda kidogo. Kisha akasimama wima.

"Ni mimi," alisema. "Ni machine yangu. Nilifunga nguvu mingi."

"Unasikia, Régine? Anakubali na kinywa yake."

Mama Régine hakusema kitu. Mikono yake ilikuwa ndani ya kitenge. Nilidhani mshtuko umemfunga mdomo. Askari mmoja alimpiga Papa Kambale kofi, kisha mwenzake akampiga na kitako cha bunduki, begani, na Béa akaanza kupiga mayowe. Walichukua funguo za lori. Fidèle akamwambia kwamba asipoleta dawa nyingine asirudi kujionyesha Lubumbashi, atatupwa panapotupwa wapelelezi. Papa Kambale alipangusa povu usoni kwa mkono wa shati. Alimuuliza Mama Régine swali moja tu, jina kamili la dawa, na yeye akalitamka kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi. Alasiri ile alipanda behewa la mizigo kwenda Sakania.

Siku zile sitaki kuzirefusha. Mama Régine alipunguza dozi mpaka ikawa tone. Béa alikunywa maji kutoka dumu bila kutumia kikombe, akikojoa, akinywa tena, na pumzi yake ikaanza kunuka kama tunda lililoiva mno. Mimi nilikaa naye kwenye ile mito ya rangi ya machungwa, nikimhadithia filamu nilizoziona na nyingine nilizotunga. Majirani waliokula barafu yetu walikuja kutuambia kwamba yule mtu wa Est ameshavuka, hatarudi, hata wewe ungefanya hivyo. Mimi pia niliamini. Nilimchukia kwa moyo wote, yeye na sanduku lake, na nilipanga maneno ya kumwambia kama ningemwona. Akarudi. Aliingia langoni mchana, jicho moja limefumba kwa uvimbe, kiatu kimoja, na chini ya shati, juu ya ngozi, termosi ya chai. Ndani yake, katikati ya vitambaa vyenye maji, zilikuwa chupa za dawa. Vizuizi vya barabarani vilimfanya nini sikumuuliza. Askari walitaka kujua kwa nini mtu wa Kivu anatoka mpakani na termosi, hivyo tu alisema. Mama Régine alimchoma Béa sindano, na Papa Kambale akaziingiza chupa zilizobaki kwenye friji mwenyewe. Alichukua muda ameinama pale, mkono uko ndani, na nilidhani anapanga chupa.

Aliondoka baada ya siku mbili, bila lori, bila bidhaa, kwenda Zambia na kuzunguka Tanzania ili afike kwao kwa upande wa pili. Alituachia kile kifaa. Hakuna aliyemsindikiza langoni isipokuwa Béa, ambaye alikuwa bado anajishika ukutani. Barafu haikuonekana tena kwenye friji ile, na dawa ilitufikisha mpaka siku mashirika ya misaada yalipofungua duka la dawa mjini. Miaka yote baadaye nilipoulizwa nilisimulia hivyo: kwamba mtu mmoja alitaka kutusaidia, akafunga nguvu nyingi bila akili, nusura aue mtoto, kisha akajirekebisha. Nilijiona nina huruma kwa kusimulia hivyo.

Sasa rudi nami kwenye kilio. Jeneza liliwekwa katikati ya uwanja, na kama ilivyo desturi mtu wa familia akaitwa kusema maisha ya marehemu. Béa alisimama. Ni mwanamke mnene sasa, mwalimu, ana watoto watatu, na sindano zake ziko ndani ya mkoba wake. Tonton Fidèle alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzee, fimbo katikati ya magoti. Béa alianza na shule ya mama yake, ndoa, hospitali, kila mtu akiitikia. Halafu akaangalia kule kwenye madumu ya maji.

"Nataka niseme namna mama alikuwa ananipenda," alisema. "Wakati ya vita nilikuwa nalala mu camping-car, karibu na frigo. Kila asubui, mbele ya jua, mama alikuwa anakuya. Anafungua frigo, anashika ile bouton ya baridi, anaizungulusha mpaka ku mwisho. Ilikuwa imefika ku mwisho zamani. Yeye alikuwa anaisukuma tena, na nguvu, na anasali. Kila asubui. Na wakati ile machine ilituletea courant mingi, alikuwa anasukuma bado. Dawa yangu iliganda sababu ya ule mukono. Nilikuwa naangalia. Siku ile banapiga Papa Kambale, mama alijua, na Papa Kambale aliona bouton, akajua. Na mimi nilijua. Bote tatu tulinyamaza. Mama hakuweza kusema mbele yangu kama ni yeye. Leo hawezi kuona aibu tena. Papa, toka kule. Kuya huku mbele."

Bouton. Mimi niliyekuwa naishi mle ndani, niliyezungusha redio na jiko mpaka mwisho kila siku ya maisha yangu, sikuwahi hata mara moja kuifikiria ile ya friji. Mwanakwaya mmoja alijaribu kuanzisha wimbo, mwenzake akamshika mkono. Tonton Fidèle akainuka, taratibu, akajitegemeza kwenye fimbo, akakishika kiti chake mwenyewe kwa mgongo na kukiburuta juu ya changarawe mpaka pembeni ya jeneza, akakiacha hapo na kubaki amesimama.

Papa Kambale alikuja mbele na kofia mkononi. Hakukaa mara moja. Béa alimwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, "Unisamehe, Papa. Nilikawia sana." Yeye akatikisa kichwa. Akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Siku ile nilirudi kutoka Sakania, niliiweka bouton katikati," alisema. "Kesho yake asubui nilipita, nikamukuta mama yako mbele ya frigo, mukono iko juu ya ile bouton. Niliogopa ataizungusha tena. Hakuizungusha. Alikuwa anaishika tu."

Halafu akakaa kwenye kiti cha Fidèle, na tukaimba.